Mjomba Asiye na Miadi

Nakumbuka Jumamosi moja nilipomzuia getini mjomba wangu, kaka mkubwa wa marehemu mama, na hadi leo nikiisimulia uso unaniwaka. Nisikilize vizuri, mwanangu, wewe ambaye sanduku lako la kwenda Ubelgiji limeshafungwa.

Nilikuwa nimerudi kutoka Liège, mji wa huko, baada ya miaka miwili ya masomo. Nilijifunza kwao kwamba mtu hamwendei mwenzake bila miadi. Unapiga simu, mnapanga siku na saa, unafika saa ile ile, unakunywa kahawa na biskuti moja, unaaga. Niliipenda desturi hiyo, sikufichi. Nikarudi nayo Lubumbashi, nikaitia kwenye nyumba yangu ya kupanga kule Kasapa. Nilijiona nimestaarabika, kumbe nimevimba kichwa tu.

Siku hiyo nilikuwa nimealika wenzangu wa kazini, meza ina kitambaa cheupe. Mjomba akatokea, ametoka Sakania kwa treni, begani ana mfuko wa vinkubala, wale viwavi wakavu ninaowapenda. Nikamwambia pale pale getini kwamba nina wageni, angepiga simu kwanza, arudi kesho saa kumi. Kwake Sakania hakukuwa na simu, na mimi nilijua.

Hakupandisha sauti.

"Mi niko mugeni kwako? Mi njo nilikubeba siku mama yako alikufa. Leo niombe rendez-vous ya kuona mutoto yangu?"

Akaweka mfuko chini, akageuka, akaenda zake. Nikarudi mezani, nikacheka na wenzangu.

Wiki nzima nilijitetea moyoni. Ndipo nikamkumbuka jirani yangu wa Liège, bibi mjane, mwenye adabu zote za miadi. Siku moja, akinimiminia kahawa, aliniambia kwamba aliwahi kuanguka jikoni Jumatatu akakutwa Alhamisi, kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na miadi naye. Mimi nilisikia, nikaitikia, nikatazama saa yangu. Desturi yao niliijua. Machozi yao sikuyajua.

Nikapanda treni ya Sakania bila kutuma habari. Mjomba alinifungulia, wala hakuniuliza nimefuata nini. Alimwambia mkewe aongeze unga kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu. Tulipokwisha kula nikapiga magoti kuomba msamaha, akasema yameisha.

Tangu siku ile, nyumbani kwangu mtu haombi miadi. Wapo wanaosema kusoma kwangu Ulaya kumepotea bure. Waseme mpaka wachoke, na wakichoka waje wale.

Nenda, mwanangu. Heshimu saa zao, piga simu kabla ya kubisha hodi; kwao ni kwao. Lakini kaa na wazee wao mpaka wakuambie kinachowaumiza, ndipo useme unaijua nchi yao. Na wakikuuliza kwa nini kwenu watu huingia bila taarifa, usijichekeshe kwa aibu, wala usiombe radhi. Waambie kwetu mtu akianguka jikoni, anainuliwa kabla sufuria haijaungua. Mungu akutangulie, akulinde na baridi yao, akurudishe ukiwa mtu wetu, na siku hiyo usinipigie simu kwanza.