Nilivyomsomea Daktari jangwa tukitafuta mbegu za biodizeli

Wakuu, nawasalimu kutoka Riyadh. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Nimeficha tu vitu vichache ili wenyewe wasitambulike.

Mimi ni Mkamba wa Makueni, dereva. Nilipofika huku niliwekwa kwenye yadi moja Al-Sulay, kazi kusambaza mizigo. Baadaye kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, akanihamishia kwa mzee mmoja wa Al-Malqa, mtafiti wa mimea, aliyetaka mtu wa kumpeleka porini. Nitamwita Daktari. Jina Musyoka lilimshinda, akaniita Musa, nikaitika.

Project yake ilikuwa survey ya mimea ya mwituni yenye mbegu za mafuta. Alitaka kujua ni ipi inaweza kutoa biodizeli, mafuta ya kuendesha injini ya dizeli, bila kulimwa wala kumwagiliwa maji. Kwa nchi isiyo na mto hata mmoja, hilo si jambo dogo.

Mbarika tuliikuta mabondeni, ile ya mafuta ya nyonyo. Lakini kipenzi chake kilikuwa handhal. Ni kitikiti cha jangwani, hutambaa mchangani, tunda linaenea kiganjani na ni chungu kama shubiri. Nililigusa kwa ulimi mara moja kwa ujinga wangu, na chai ya siku nzima haikuutoa ule uchungu. Ila mbegu zake zina mafuta ajabu.

Basi tukawa tunatoka. Tunashika njia ya Jeddah, tunasimama kila bonde kavu, tunachuma sampuli, naweka alama kwenye GPS, yalla, tunasonga.

Siku moja tukasimama. Daktari akashuka, akaenda moja kwa moja, akainama, akaniuliza kama limeiva au bado.

Alikuwa ameinamia kipande cha plastiki ya kijani kilichopeperushwa kutoka barabarani.

Handhal lenyewe lilikuwa pembeni tu, karibu na kiatu chake. Nikachuma tunda, nikamshikisha mkononi.

"Hili hapa, Daktari. Limeanza kuwa la manjano."

Akalipapasa kwa kidole gumba. Halafu akarudi garini.

Tulikwenda mwendo mrefu ndipo akafungua moyo. Macho yalikuwa yanafifia, na hospitali walishamwambia hayatarudi. Wenzake kazini wakijua, survey itapewa mtu mwingine kabla hajaimaliza. Lakini silo lililomuumiza zaidi.

"Musa, madam asijue," akaniambia. "Amenitunza maisha yangu yote. Nataka abaki na mume mzima kwa muda kidogo zaidi."

Nikasema tamam, sawa. Kuanzia hapo nikawa namsomea jangwa. Ngamia upande wa kushoto. Mwamba mwekundu. Jani limekunjamana, ua la manjano. Kusema ukweli, na mimi nilianza kuviona vitu ambavyo miaka yote nilikuwa navipita tu.

Sasa sikieni. Kwenye kituo cha mafuta kabla ya Taif, Daktari akiwa msikitini, simu yangu ikaita. Ni madam, mke wake. Mama mpole, ananiongelesha Kiarabu polepole ili nimwelewe. Akauliza kama mzee amekula, kama ana kitu cha kujikinga jua. Kisha akasema macho ya mzee si mazima, yeye anajua tangu zamani, niwe namshika mkono penye mawe.

"Ila asijue kama najua," akasema. "Akiona namhurumia atakaa nyumbani, na akikaa nyumbani atakwisha."

Nikabaki nimeshika simu. Mume kanibebesha siri, mke kanibebesha siri, na ni siri ileile. Mzee alipotoka akauliza ni nani aliyekuwa anapiga. Nikamwambia ni jamaa wa nyumbani.

Tukafika Jeddah. Yeye akalala nyumba ya wageni, mimi nikajibana na vijana wa kwetu mtaa wa Al-Mahjar. Maabara wakazishughulikia mbegu: kukamua, kuchuja, kuchanganya na dawa zao hadi ikapatikana biodizeli. Siku ya kuijaribu kwenye jenereta, madam akanipigia kwamba anakuja kwa ndege bila mzee kujua, nikampokee.

Garini sikuitoa siri ya mzee. Nilimwambia tu, kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, "Madam, leo Daktari akiniuliza kitu, mimi sitajibu."

Akageukia dirishani.

Uani nyuma ya maabara, Daktari alikuwa amesimama kando ya jenereta, ameinua chupa ya yale mafuta kuelekea jua, kama mtu anayeyatazama. Akasikia hatua zangu.

"Musa, rangi yake ikoje?"

Nikanyamaza.

Madam akanipita, akaishika ile chupa pamoja naye.

"Ni kama chai," akasema. "Ile unayopenda, kabla haijakolea."

Mzee hakugeuka. Akamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu ulipoacha kunisomea gazeti, ukasema siku hizi habari ni mbaya."

Akacheka, wakuu. Akacheka huku machozi yanashuka, na madam naye vivyo hivyo. Fundi wa maabara akawasha jenereta, ikakohoa, ikashika. Wakasimama pale wakiisikiliza, hawajaachiana. Mimi nikaenda kufuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi.

Survey iliisha. Mzee mwenyewe aliwaambia wenzake, nao badala ya kumwondoa wakampa msaidizi. Siku hizi madam anakuja porini nasi. Anakaa nyuma na mumewe, anamweleza kila kichaka, wanabishana kama hii ni manjano au kijani. Mimi naendesha kimya.

Funzo nililolipata: hawa wawili walilindana mpaka kila mmoja akabaki peke yake. Jioni ile ya jenereta nilimpigia mke wangu Makueni, nikamwambia goti linanisumbua na nimekuwa nikimficha. Akasema alijua, kwa sababu nikipanda ngazi huku naongea naye, huwa naacha sentensi katikati.

Haya, nanyi semeni. Umewahi kubebeshwa siri moja na pande mbili? Ulifanyaje? Nipo hapa kwenye gari nawasoma.