Rundo Moja Lililobaki Kilimani

Ilianza Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, saa mbili na robo asubuhi. Mama alikuwa na malaria, kwa hivyo mimi ndiye niliyeenda mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji. Kwetu kila nyumba hutoa mtu mmoja, kina mama wanatengeneza matuta ya shamba la mwenzao kabla ya mvua.

Mwenyekiti wa kikundi, mama ambaye sauti yake husikika hadi Muthetheni, alisema mawe ya kuzuia udongo tutayatoa kilimani, kwa yale marundo matano ya zamani.

"Yako tayari pale juu. Mnataka nini tena?"

Hakuna anayejua nani aliyapanga. Susu, nyanya yangu, aliyakuta, na nyanya yake pia aliyakuta. Mzee wa kanisa husema ni makaburi. Mwalimu wetu wa historia anafikiri ni alama za wachungaji. Niliwauliza wote watatu, nikaandika kwenye daftari langu, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

Tulijipanga mstari, tukipokezana mawe. Rundo la kwanza likaisha. Chini yake hakukuwa na mfupa wala kigae, udongo mkavu tu.

"Mnaona? Ni mawe tu," mwenyekiti akasema.

Hapo nikakasirika. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa swali naliambia dawati jibu, nilipanda rundo kubwa kuliko yote nikakaa.

"Mwiitu, msichana wewe, shuka," mwenyekiti akaniamuru.

"Sishuki."

"Aiya! Kumbe huyu ana mdomo!" mama mmoja akasema.

"Mwacheni, labda ameona bwana huko juu!" mwingine akadakia. Wakacheka mpaka mawe yakawaponyoka.

"Unajua ni ya nani?" mwenyekiti akauliza.

"Sijui. Hata wewe hujui. Tukiyamaliza, hakuna atakayejua tena."

 Nilikaa hadi saa saba, jua likinichoma. Wakabeba yale marundo matatu mengine. Langu waliliacha, si kwa heshima: muthokoi ilikuwa imeiva na walikuwa na njaa.

"Asiyefanya kazi hulipa kuku," mwenyekiti akaniambia tukishuka. "Mwambie mama yako."

Sikumwambia. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilimkamata kuku wangu mwenyewe, yule mwekundu, nikampeleka. Mwenyekiti akampima uzito kwa mkono, akaniuliza kama nimejuta.

"Hapana," nikasema, kwa sauti iliyomtoa bwana yake nje.