Raundi Elfu Tano za Shabani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitasimama kubishana nawe. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kilwa Masoko, alasiri jua likiwaka, na pombe sijawahi kuonja.

Mimi ni fundi wa magari ya mashindano, yale ya mbio fupi za mstari ulionyooka. Dereva wangu alikuwa mdogo wangu Shabani, tumbo moja. Kazi yangu ilikuwa kurekebisha taimingi, ule wakati wa cheche kuwaka ndani ya injini, na kuweka limita ya kuondokea, yaani kikomo cha raundi za injini dereva akiwa amekanyaga klachi na mafuta pamoja, anasubiri bendera. Ukiweka juu mno, tairi zinateleza na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Shabani aliniambia, "Kaka, weka elfu tatu na mia tano. Ile lami ina mchanga."

Nikaitikia sawa, kisha nikaweka elfu tano. Kwa nini? Vijana wa Mtwara, wapinzani wetu, walikuwa wametucheka kwamba tunaondoka polepole, basi. Sikumwambia. Gari liliondoka, likayumba, likaishia kwenye mkorosho, na Shabani hakutoka hai. Watu walisema tairi lilipasuka, na mimi nikanyamaza.

Makaburini sheikh aliuliza kama tumemsamehe marehemu. Tukajibu tumemsamehe, sauti yangu ikiwa juu kuliko zote. Hebu niambie, yeye alinikosea nini?

Siku chache baada ya arobaini, gari likaingia gereji. Lilikuwa la aina ileile kama la Shabani, lakini ya aina hiyo yako mengi. Dereva sikumtazama. Sisi mafundi ndivyo tulivyo, tunasalimia injini kwanza. Boneti ikafunguliwa, injini inaunguruma, nikasikia, "Nishushie limita, fundi. Elfu tatu na mia tano."

Nikachomeka kompyuta, nikashusha. Nikamulika puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, kwa taa ya taimingi, na alama ikatulia mahali pake sawasawa. Ndipo mkono wangu ukagusa ekzosi, bomba la moshi. Amini usiamini, ilikuwa baridi kama mtungi wa maji, na injini inawaka.

Nikainua kichwa. Alikuwa Shabani, amekaa kwenye usukani. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo.

"Sasa itaondoka vizuri, kaka," akasema, mkono ukienda kwenye swichi.

Siku zote zile nilikuwa na neno moja tu moyoni: nisamehe. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Usizime kwanza, sijamaliza kuangalia cheche." Ulimi ulishazoea kazi. Akatabasamu, akazima. Nikabaki nimeinamia sakafu tupu, waya za taa zikining'inia hewani.

Kompyutani mpaka leo ipo ile elfu tatu na mia tano. Sijaifuta, na sijagusa gari la mashindano tena. Nikisikia injini ikipandishwa raundi barabarani, nalia mbele za watu, wala sioni haya.

Nawe uliyebadilisha kitu cha mtu kimyakimya, mwambie leo akiwa hai, akutukane akitaka. Usingoje akufuate. Mimi wiki iliyopita nilimweleza mama yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Shabani alionekana amekonda. Nikamwambia hapana. Tangu siku hiyo hajasema nami.