Baba Aliyebaki Ziwani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kulikuwa na upepo ulioniingiza ndani bila kuitwa na mtu. Ulitoka ziwani jua likishazama, ukapita juu ya mabati ya kijiji chetu, Kisegi, kwa sauti kama ya watu wengi wanaozungumza kwa mbali. Tuliwaita nyawawa. Watu wazima walisema ni wale waliofia majini na wale ambao hawakuzikwa, wanatembea pamoja wakitafuta nyumba ya kuingia. Ukiwasikia unachukua sufuria na mwiko, unagonga kwa nguvu zako zote na kuwaambia warudi walikotoka. Nyumba za karibu na maji zikianza, zinazofuata zinapokea, na kelele inapanda kilima hadi kwa watu ambao hata upepo wenyewe hawajausikia. Nyumba inayonyamaza ndiyo itakayoingiliwa.

Sisi watoto tuliogopa, lakini pia tulipenda. Hakuna siku nyingine ambayo mtoto anaruhusiwa kugonga sufuria ya mama yake mpaka ibonyee. Dani, yaani bibi yangu mzaa baba, aligonga karai, na alikuwa na matusi ya kuwatukana nyawawa ambayo siku ya kawaida tungechapwa kwa kuyarudia.

Mama yangu peke yake hakugonga. Yeye alizaliwa Uriri, kwenye miwa na mahindi, mbali na ziwa, katika familia inayosali Jumamosi. Dani alimwita Nyar Uriri, binti wa Uriri, na kwa jinsi alivyolitamka jina hilo ungejua kama siku hiyo wanapatana.

"Nyar Uriri, gonga basi. Au kwenu mnawafukuza kwa miwa?"

"Kwetu hawafiki, Mama," mama alijibu huku akiendelea kuchagua mawe kwenye mchele. "Wakifika Rongo njiani wanachoka."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Baba alikuwa fundi wa kuezeka nyumba, mtu mrefu mwenye misumari mifukoni hata siku ya kanisa, na alipenda kuwasikia wanawake hao wawili wakichokozana.

Mwaka huohuo alipata kazi ya kuezeka nyumba kisiwani Takawiri. Alipanda mashua ya injini iliyobeba abiria, mbao na mabati. Mawimbi yaliwakuta katikati, mabati yakateleza yote upande mmoja, na mashua ikalala. Wengine waliokolewa na wavuvi. Wengine ziwa liliwarudisha baadaye, wakazikwa na watu wao. Baba hakurudishwa.

Kwetu, mtu akipotea majini asionekane, haachwi hivyo. Wazee hukata tunda la mti tunaouita yago, tunda refu na zito kama mtoto mchanga, wakalifunga kwa shuka na kulilaza kaburini kwa jina lake. Kuanzia hapo ana mahali pake nyumbani. Asipofanyiwa hivyo atatangatanga, na atakuja na upepo pamoja na wale wengine. Dani alilisema jambo hilo kwa upole mara ya kwanza. Mama akakataa.

"Mungu hadanganywi kwa tunda, Mama."

"Nani anamdanganya Mungu? Mimi namwonyesha mwanangu njia ya nyumbani."

Wiki zikapita hivyo. Hawakugombana kwa sauti. Walipika kwenye jiko moja, mmoja akichochea moto na mwingine akisonga ugali, lakini jina la Nyar Uriri sasa lilitamkwa kama mlango unaofungwa. Majirani walimsifu mama kwa imani yake mbele yake, na walipofika kisimani walisema anamwacha mume wake alale kwa samaki. Mimi nilikuwa nimebeba ndoo, nikasikia.

Halafu jioni moja upepo ukaja. Nyumba za ufuoni zikaanza kugonga, kelele ikapanda kuelekea kwetu. Dani akanipa sufuria na mwiko, akachukua karai lake, akatoka kwenda kona ya nyumba. Nilisimama mlangoni. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Takawiri. Hilo ndilo nililoliona ambalo naamini hakuna mtu mzima aliyelifikiria: kama nyawawa ni watu waliofia ziwani, basi baba yumo. Amekuja mpaka kwetu, na bibi yangu, mama yake mwenyewe, anamtukana arudi majini.

Niliweka sufuria chini. Nikafungua mlango wote, nikaita jina la baba kwa nguvu kuliko karai la Dani. Nikamwambia aingie, kwamba mlango ni huu, asiwasikilize.

Karai likanyamaza. Kwa jirani pia pakanyamaza, kisha sauti ya mwanamke ikatoka gizani: "Nani anawaita huko? Nyar Uriri, mfunge mtoto wako mdomo, atatumaliza sisi sote."

Nilingoja kipigo. Mama alitoka chumbani, lakini hakunipiga wala hakufunga mlango. Aliketi kizingitini upepo ukimpiga usoni, akanivuta mapajani mwake, ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo. Akaanza kusema Zaburi. Hakuwa na Biblia mkononi, na taa ilikuwa imezimwa na upepo, lakini aliijua sehemu ile ya Daudi kumwambia Mungu kwamba hakuna pa kukimbilia mbali naye: akipanda juu Mungu yuko, akishuka chini kwa wafu yuko, na hata akienda kukaa mwisho wa bahari, mkono wa Mungu utamkuta huko na kumshika. Mimi sijawahi kuiona bahari. Maji makubwa ninayoyajua ni yale yaliyokuwa mbele yetu. Kwa hiyo nilielewa vizuri kabisa ni maji gani yanayosemwa.

"Baba yuko wapi?" nilimuuliza.

"Yuko ziwani, Awuor."

Hakuna mtu aliyekuwa amenijibu hivyo hata siku moja. Wote walisema amesafiri, au amepumzika.

"Na Mungu?"

"Yuko ziwani pia."

"Anamwona kwenye maji yale machafu?"

"Kwake giza na mchana ni sawa. Daudi ameandika hivyo. Anamwona kuliko mimi ninavyokuona wewe."

Akaanza Zaburi yake tena kutoka mwanzo. Nilikuwa nimeegemea kifua chake, na nilihisi anatetemeka mwili mzima. Jambo hilo nimelifikiria sana nilipokua. Mtu asiye na hofu angeweza kukaa mlangoni hivyo bila shida yoyote. Mama alikuwa anaogopa upepo ule kama sisi sote, na alikaa.

Asubuhi niliamka na homa kali. Mnaweza kufikiria kilichosemwa. Mtoto amemwita marehemu, na marehemu amemshika mkono. Mama alinibeba mgongoni hadi zahanati, wakanipima, wakasema malaria, wakatupa dawa. Dani alisikiliza habari hiyo bila kubisha. Alisema tu kwamba mbu pia hutoka ziwani.

Siku ya pili ya homa niliwasikia wakizungumza kando ya kitanda changu, wakidhani nimelala.

"Nyar Uriri, nikuulize kitu, usikasirike," Dani alisema. "Kila Ijumaa kabla jua halijatua, unapiga rangi viatu vya kanisani. Vyako, vya mtoto. Na vya mwanangu. Vya nini?"

Mama alinivutia shuka mabegani.

"Unaniambia Biblia inakataa yago. Mimi sijui kusoma, labda inakataa. Lakini sidhani ni Biblia inayokuzuia. Nadhani unamngoja."

Nilifungua jicho moja. Mama alikuwa ameshika chupa ya dawa yangu akiizungusha mikononi.

"Namngoja," alisema mwishowe. "Kila mtu akipita njiani nanyanyua kichwa."

"Mimi pia," Dani akasema. "Unadhani mimi sinyanyui?"

Hapo mama akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Dani akamwacha alie bila kumwambia anyamaze. Alipomaliza, mama alifuta uso kwa kanga. "Juzi nilimwambia mtoto huyu kwamba Mungu yuko na baba yake kule chini. Nilisema kwa mdomo wangu. Kama niliamini, basi siwezi kuendelea kumngoja njiani kama mtu aliyeachwa peke yake huko." Akapumua. "Tunda lizikwe. Lakini nitasoma Neno juu ya kaburi, na hakuna mtu atakayelisemesha lile tunda."

"Mimi nitalisemesha kidogo."

"Kidogo, Mama."

"Kidogo tu."

Homa ilikuwa imeshaniachia siku ya mazishi. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekata yago na kulifunga kwa shuka jeupe, akalibeba kwa mikono miwili jinsi unavyobeba mtu. Waliochimba kaburi walilichimba la urefu wa baba. Dani alipiga magoti ukingoni, akasema maneno yake machache kwa sauti ya chini ambayo hatukuisikia. Alichukua muda mrefu kuliko kidogo, na mama alimngoja. Kisha mama akasimama na Biblia, akasoma Zaburi ileile. Mwanamume mmoja nyuma yetu alinong'ona kwamba sasa tunahubiria matunda. Dani aligeuka akamwangalia.

"Anasoma kwa ajili yangu," alisema. "Wewe kama hutaki kusikia, nenda kanywe uji."

Tangu siku hiyo upepo ukija Dani alitoka na karai lake kama zamani, na mama alikaa ndani akisoma kwa sauti, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Mimi niliketi na mama. Sikumcheka Dani wakati huo na simcheki sasa. Alikuwa na mtoto ziwani, na alitumia alichokuwa nacho.

Sasa nina miaka kumi na minane. Shule yangu ilikatika kidato cha pili, mama alipoumwa mgongo asiweze kukaa kwenye cherehani iliyokuwa ikitulisha, na mtu mwingine wa kukaa pale hakuwepo. Nilikuwa napenda shule. Nilikuwa na hasira na Mungu kwa muda mrefu, na nilimwendea mama nikitaka aniambie sababu, kwa kuwa nilidhani mtu mwenye imani kama yake lazima ameambiwa. Alisema hajui. Alisema hata ya baba hajui mpaka leo, na siku akijua ataniamsha hata kama ni alfajiri. Kisha akanionyesha tena mahali pa kushona kola bila kuikunja, kwa sababu nilikuwa nimeikosea.

Zamani jibu hilo lilinikasirisha. Sasa naona lilikuwa jibu la mtu mkweli, na kwamba kuishi nalo kunataka nguvu zaidi kuliko kuishi na sababu. Mama hakuwahi kunifafanulia makusudi ya Mungu. Alimwamini kwamba anayo, na akanihakikishia tu jambo moja alilolisoma akalishika, kwamba hakuna maji ambayo Mungu hayafikii. Kwa jambo hilo moja aliweza kuzika, kulima, kushona na kunilea, na aliweza kuacha kunyanyua kichwa kila mtu alipopita njiani.

Dani bado yuko hai, macho yamefifia. Kanisani haendi. Jumamosi alasiri huniita nikae kwenye mkeka wake.

"Soma ile ya Nyar Uriri," huniambia, na siku hizi jina hilo hulitamka kama anataja mtoto wake.

Nasoma. Nikifika pale penye mwisho wa bahari na mkono unaoshika, huniwekea kiganja gotini.

"Hapo," husema. "Rudia hapo."

Narudia, na sifungui ukurasa mwingine mpaka aondoe mkono wake.