Zimwi la Dada Mwende

Juzi, nyumbani kwa Dada Mwende kule Matiliku, nilimkuta kijana wake na wenzake wakicheza kadi za majoka na wachawi. Kijana akanipa kadi moja ya joka. "Chukua hii, Anti. Ndiyo kali kabisa." Mkono wangu ukarudi nyuma wenyewe.

Kadi zetu za utotoni kule Mbooni tulizikata kwa katoni ya sabuni, tukazichora kwa makaa. Tulicheza jikoni, kwenye moshi na harufu ya maharagwe, mimi, Mwende na binamu wawili. Ambaye angebaki wa mwisho mchezoni angeenda soko la Kikima na mama; wengine wangebaki kuchota maji. Sikutulia. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, maana nilimsikia mama uani akifunga magunia.

Mwende akanisongezea Zimwi, kadi iliyoshinda nyingine yoyote moja kwa moja. "Wewe ni mdogo," akasema. "Itakusaidia." Yeye akabaki na mbuzi na kobe. Niliona ananipenda sana, nikaliweka Zimwi mbele, kila mtu alione.

Binamu walipoliona wakaunganisha kadi zao kunipiga. Kufikia wakati ninatoka mchezoni, walikuwa wamemaliza kadi zao nzuri zote juu yangu, na kobe ambaye hakuna aliyemjali akawamaliza polepole. Mwende akaenda Kikima. Mimi nikachota maji, nikiamini dada ana bahati tu.

"Anti, hutaki joka?" kijana wa Mwende akaniuliza, kadi bado mkononi.

"Hapana. Hamna kobe?"

Mwende alikuwa mlangoni akimenya maembe. Alicheka bila kuinua uso.