Mkalimani Aliyepunguza Maumivu Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi, na saa tano nikaitwa tena. Ninyi vijana mnaoingia ukalimani leo mnapewa semina na beji ya kuning'iniza shingoni. Sisi tulipewa benchi. Mimi Wilondja, mkimbizi wa Fizi, niliajiriwa na zahanati moja ya kambi hapa Nakivale kwa sababu nilijua Kibembe, Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, pamoja na Kiingereza cha kuombea maji.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama wa Kirundi, umri wa mama yangu mzazi. Alisema akienda haja kubwa anaumia na kutoka damu. Jamani, niliona haya! Nikamwambia mganga kwamba mama anaumwa tumbo. Mganga wetu, mwanajeshi mstaafu, akambonyeza tumbo, akabonyeza tena, mama akabaki kumshangaa. Mwishowe mganga akamwashiria aonyeshe kwa mkono, na mama akaonyesha nyuma.

"Wewe!" mganga akanigeukia. "Tumbo iko hapa, matako iko kule! Wewe nalinda nani? Mimi naongea, wewe napeleka. Yeye naongea, wewe naleta. Kuongeza hapana, kupunguza hapana. Toka!"

Nilitoka. Saa moja baadaye foleni ya Warundi ilikuwa imefika barabarani, na hakukuwa na mwingine wa kumsaidia, basi akaniita. Kosa lile sikulirudia kwa mgonjwa yeyote. Mkalimani husema kwa nafsi ya mwenyewe: mgonjwa akisema "naumwa", nawe unasema "naumwa", si "anasema anaumwa". Na siri ya mgonjwa si mali yako. Ukikutana naye sokoni, unasubiri akusalimie kwanza. Asipokusalimu, unapita kama hamjawahi kuonana.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa hospitali ya Mbarara, wodi ya kansa, chini ya Sista Mkuu mmoja aliyekuwa mpole wa sauti na mkali wa saa. Huko nilijifunza lugha nyingine kabisa. Kuna kipimo cha nyama, ambapo kipande kidogo cha uvimbe hukatwa na kupelekwa maabara. Kuna dawa za dripu, zinazopita mshipani. Kuna mionzi, ile mashine isiyokugusa wala kukuuma ukiwa kitandani, lakini kufika wiki ya tatu ngozi inababuka. Niliwafasiria wengi. Mmoja wao alikuwa Godeliva, Mrundi anayefuata unga Kikagate na kuuuza Nakivale. Daktari alisema, nami nikasema: "Mama, una kansa ya mkundu." Sikuzunguka. Alinitazama mimi, si daktari, akauliza kama atakufa. Alitibiwa akamaliza. Tukikutana sokoni hakunisalimia, nami nikapita.

Kisha ikafika zamu yangu. Damu niliiona muda mrefu nikasema ni bawasiri tu, nikanywa mizizi. Kipimo cha nyama kiliporudi, sikuhitaji mkalimani. Nilipangiwa wiki sita za mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu juu yake. Nikapanga chumba mtaa wa Ruti, kule kule Mbarara, na kila Ijumaa nikarudi nyumbani. Mke wangu nilimweleza. Kambini nilisema ni mgongo, maana watu wakisikia kansa ya mahali pale wanaanza kuulizana umeishi vipi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kila asubuhi Sista Mkuu aliniuliza, akiniita bwana kwa lugha ya kwao, "Sebo Wilondja, maumivu?" Nami nilijibu, "Kidogo tu, Sista." Kidogo! Nilikuwa nauma taulo nikienda chooni. Wiki ya tatu nilikuwa nimeacha kula ili nisiende. Maumivu ya watu wote niliyafikisha kamili, nikapunguza ya kwangu, eti nisidharaulike mbele ya watu niliofanya nao kazi. Ijumaa ile nilirudi Nakivale nikamwambia mke wangu sitarudi tena Mbarara. Alilia, akanisihi, akauliza aende wapi nikifa. Nikamjibu kwa ukali, "Wewe hujui!" Ni kweli hakujua. Hata hivyo nilimkosea.

Kesho yake jirani alipokea wakwe waliokuja kuposa. Nyinyi mnajua mambo yetu. Mzee akialikwa posa anawekewa kiti cha mbele, chenye kitambaa. Mimi nikasimama ukutani.

"Papa Wilondja, ikala!" jirani akaniita mbele ya wote. "Kiti iko hapa!"

"Niache tu, mugongo unaniuma."

"Kwa nini unakatala kiti? Unatuzarau mbele ya bageni?"

Watu wakageuka. Nilikuwa radhi waniite mwenye dharau kuliko kukaa. Wakati huo nilimwona Godeliva mlangoni pa jikoni, ameshika mwiko, ananitazama miguu. Akaja moja kwa moja.

"Bwana, huyu muzee namuhitaji kule nyuma," akamwambia jirani, akanivuta mkono mpaka nyuma ya nyumba. Huko akasema polepole, "Mgongo gani huo? Mtu wa mgongo anajishika kiuno. Wewe umetanua miguu kama nilivyotanua mimi. Uko wiki ya ngapi?"

Nikasema, "Ya tatu. Na nimeacha."

"Hujaacha. Leo ni Jumamosi, huwa hawafanyi." Huyo ndiye Godeliva! "Unapaka nini?"

"Samli."

"Ee Mungu wangu! Samli kwenye mionzi? Toa! Usipake kitu ambacho sista hajakuambia. Chukua beseni, maji ya vuguvugu, ukae ndani kila ukitoka chooni. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Hiyo suruali yako ya pasi weka kabatini, vaa kitenge cha mama. Na dawa ya maumivu wamekupa gani?"

"Vidonge vidogo. Niliwaambia inauma kidogo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, na kucheka kukageuka kilio. Mzee mzima nilijiegemeza kwenye ukuta wa jirani nikalia mbele ya muuza unga. Hakuninyamazisha. Akaniambia wiki ya nne ni mbaya kuliko ya tatu, ya tano ni mbaya vilevile, na wiki chache baada ya kumaliza ngozi inarudi. Mke wangu alinipa moyo wote aliokuwa nao, lakini tarehe hizo hakuwa nazo.

Jumatatu, siku ya kufuata unga, Godeliva hakwenda Kikagate. Alikwenda nami Mbarara. Sista alipouliza, nilimweleza yote bila kupunguza hata neno. Akaweka kalamu chini. "Sebo, wewe iko mjinga," akasema, akaenda kuniletea dawa ya kweli. Nilikosa siku moja tu ya mionzi, na hiyo ni kwa sababu mashine iliharibika. Daktari ameendelea kunipima, na mpaka leo hajaona kitu.

Nilirudi kazini miaka michache kabla ya kustaafu, na Sista aliniruhusu kuongeza swali moja mwishoni mwa matibabu: "Je, unakubali mgonjwa mwingine wa ugonjwa huu aelekezwe kwako?" Wengi walikataa, na ni haki yao. Waliokubali walitosha. Kuwafasiria watu ninajivunia, lakini swali hilo ndilo kazi yangu hasa, na najuta kwamba nilichelewa kuliuliza.

Nilipostaafu waliniaga Nakivale, kwenye uwanja wa zahanati. Nikapewa nafasi ya kusema. Niliutaja ugonjwa wangu kwa jina lake, kisha nikasema, "Kuna mtu alinirudisha kwenye matibabu. Jina lake ni siri yake, silitaji."

Upande wa masufuria Godeliva akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Acha, Muzee, nitalitaja mwenyewe. Ni mimi. Mimi pia niliugua kansa ya mkundu, na niko hapa nawapikia."

Mtu mmoja alicheka, akakosa wa kumsaidia. Kisha mfugaji mmoja wa kijiji cha Masha, aliyekuwa ametuletea maziwa ya sherehe na kukataa kiti tangu afike, na ambaye hakuna aliyemjua vizuri, akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani, "nyumba yako iko wapi?"