Mke Wangu Anakuja Lilongwe Nimpokelee Mahari

Admin, naomba ufiche jina langu, maana humu wapo watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, wanaonijua vizuri.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, fundi cherehani, natokea upande wa Uvira, Kongo. Mke wangu alikuwa na dosiye, yaani faili la wakimbizi wa kuhamishiwa Ulaya, kabla hatujaoana. Watu wa kambini wakatuambia ukiongeza mume, dosiye inaanza upya. Basi kwenye intavyuu akasema mimi ni kaka yake, na mtoto wetu baba yake hajulikani. Nilikubali mwenyewe, nisimsingizie mtu. Wakaondoka miaka minne iliyopita, binti yetu akiwa bado ananyonya.

Jumamosi moja akanipigia video nikiwa kibandani. Alikuwa ametembea kitalii na binti yetu kwenye mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe, uliojengwa na wafalme ili adui asiingie. Siku hizi watu wanapanda juu, wanauzunguka, wanapiga picha. Nilifurahi kama mjinga, maana alivaa gauni la kitenge nililomshonea mimi. Mara Mkongo mwenzetu akatokea nyuma yake, akamshika kiuno, akambusu shingoni.

"Kaka, huyu njo mchumba wangu," mke wangu akasema bila aibu. "Tunakuja Lilongwe mwezi ujao. Papa alishakufa, kwa hiyo we njo utapokea mahari."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe niliishona.

Simu ilipokatika, mdogo wake wa kiume ninayefanya naye kazi akaniambia, "Shemeki, usikasirike. Sisi bote tulijua tangu mwaka jana." Nikashika pasi ya mkaa, ya moto, nikampiga nayo mdomoni. Nikarudia. Meno matatu yakatoka, shavu likaungua mpaka nikasikia harufu ya nyama, nami bado nampiga mateke ya tumbo hadi majirani wakanivuta. Nasema ukweli, nilisikia raha. Raha hiyo ndiyo inanitisha.

Hospitalini Dowa shemeji yangu akadanganya kwamba alianguka na kabaza, zile baiskeli za abiria. Kuongea hawezi, akaniandikia kwenye karatasi: "Ukisema ni muke wako, batajua alidanganya. Batamurudisha huku, yeye na mutoto."

Wote watatu, na binti yetu, wanatua Alhamisi hii. Mchungaji na wazee wameshaandaa sherehe. Mkasi wangu mkubwa nimeunoa, na sina kitambaa cha kukata.

Jana binti yangu alinipigia, anacheka: "Mjomba, kule kwenye ukuta nilichoka, papa njo alinibeba!" Nikamjibu vizuri, kisha nikapiga ukuta wa nyumba ngumi mpaka mkono ukavimba.

Nikienda kama kaka, nitampa yule mwanaume mkono na kumkabidhi mke na mtoto wangu mbele ya kanisa. Nikienda kama mume, ama namuua, ama nasema ukweli na binti yangu anarudi kulala kambini. Ndugu zangu, nishaurini. Alhamisi niende uwanja wa ndege kama nani?